Moyo Unakwenda Mbio Kabla ya Mechi? Soma Hapa!

Rafiki msomaji, hebu vuta picha hii.

Ni mwezi wa sita, mashindano ya UMISSETA ngazi ya mkoa, Mbeya. Baridi ya asubuhi bado haijaisha. Wewe ni mfungaji wa timu ya netiboli ya shule yenu. Usiku hukulala vizuri, na chai ya asubuhi ilikataa kupita kooni. Sasa matokeo ni 21 kwa 21, na zimebaki sekunde chache tu. Mpira unatua mikononi mwako. Goli lipo pale pale ulipolizoea siku zote, ila leo pete inaonekana ndogo kama bangili. Shule nzima imenyamaza. Magoti yanatetemeka, viganja vimelowa jasho. Unarusha... mpira unagonga chuma, unatoka nje. Wapinzani wanaudaka, wanakwenda kufunga, filimbi inalia.

Ndani ya basi hakuna anayeimba. Mtu mmoja kiti cha nyuma anasema, "Leo mwenzetu kachemsha." Jumatatu mwalimu wa michezo anaita majina ya mazoezi, wewe unasema unaumwa. Jumanne pia. Baada ya wiki mbili umeacha kabisa, na moyoni umejiandikia hukumu: "Mimi ni mwoga. Michezo si yangu."

Je, ni kweli wewe ni mwoga? Hapana! Ukweli ni kwamba mwili wako ulifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: hakuna aliyekufundisha namna ya kuutumia mwili huo siku ya presha. Kufunga ulifundishwa, kukimbia ulifundishwa. Kichwa hukufundishwa. Ipo elimu nzima inayoshughulika na jambo hili, nayo inaitwa saikolojia ya michezo. Haiwahusu wachezaji peke yao. Kama unaimba kwaya, unacheza ngoma, unashiriki midahalo au unaogopa chumba cha mtihani, endelea kusoma, nawe umo.

KITU GANI KINATOKEA MWILINI?

Juu ya kila figo yako kuna tezi ndogo. Ubongo ukiona jambo kubwa linakuja, tezi hizo huamriwa kumwaga homoni iitwayo adrenalini kwenye damu. Hapo mambo mengi hutokea kwa mpigo. Moyo huongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli. Pumzi huwa za haraka. Ini hutoa sukari iliyokuwa imehifadhiwa, ili misuli ipate nguvu. Damu hupungua tumboni, ndiyo maana chakula hakipiti na unahisi kama vipepeo wanaruka ndani. Mdomo hukauka. Jasho hutoka.

Sasa jiulize: mwili unaofanya yote hayo unakimbia vita au unajiandaa kupigana? Unajiandaa! Babu zetu waliokutana na simba porini waliponea hapo hapo. Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya simba na watazamaji 300 wa Sokoine au Samora.

Kwa hiyo usimcheke mwenzako anayekwenda chooni mara tatu kabla ya mechi. Hata wachezaji wa timu kubwa hufanya hivyo.

WATAALAMU WALIGUNDUA NINI?

Mwaka 1898 mtafiti wa Marekani aitwaye Norman Triplett alijiuliza kwa nini waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wanaposhindana na wenzao kuliko wanapokuwa peke yao. Akawachukua watoto 40, akawapa kazi ya kuzungusha gurudumu la kamba ya kuvulia samaki, mara wakiwa peke yao, mara wakishindana na mwenzao. Watoto 20 waliongeza kasi waliposhindana. Watoto 10 hawakubadilika sana. Na watoto 10 walivurugika, wakafanya vibaya zaidi.

Umeona? Hata zaidi ya miaka 120 iliyopita, katika kila watoto wanne alikuwepo mmoja aliyechemsha akiwa na mpinzani pembeni. Hao hawakuwa watoto wabaya au wavivu. Ni namna walivyoipokea presha.

Miaka 10 baadaye, 1908, watafiti wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua mlango sahihi kwa kutumia shoti ndogo za umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali ziliwafanya panya wajifunze haraka. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali ziliwaharibia. Waliofanya vizuri walikuwa wale waliopata shoti za wastani. Wataalamu waliofuata waliliendeleza wazo hilo kwa binadamu: ukipoa mno unacheza kama umelala, ukipanda mno unavurugika, katikati ndipo mahali pake.

Na hiyo "katikati" inategemea kazi yenyewe. Mkimbiaji wa mita 100 anaweza kuhitaji joto kubwa. Mfungaji wa netiboli, mpiga penalti au mwimbaji anayeanzisha wimbo wa kwaya anahitaji mkono au sauti iliyotulia. Ndiyo maana kelele za "Pania! Pania!" humsaidia mmoja na kumwangusha mwingine.

TUWATAZAME WAKIMBIAJI WETU

Unaweza kusema, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Basi turudi nyumbani.

Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi aliingia kwenye fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wengi hujificha nyuma, wakasubiri mzunguko wa mwisho. Bayi alikuwa na mpango wake: alitoka mbele tangu mwanzo, akakaa mbele mpaka kamba. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka mwisho asimpate. Hapa kuna somo: mtu mwenye mpango wake hatumii muda kuogopa mpango wa mwenzake.

Juma Ikangaa naye alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston mwaka 1988, akiwa sekunde moja tu nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein. Sekunde moja, baada ya kilomita 42! Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili tena. Wewe ungefanyaje? Ikangaa alikwenda New York mwezi Novemba mwaka huo huo, akashinda kwa saa 2:08:01.

Na mwaka 1968 kule Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka njiani katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti na bega. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Yeye alikuwa wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kwenda kumaliza mbio, si kuzianza tu. Wengi wanaijua hadithi hiyo. Wachache wanajua iliyofuata: miaka miwili baadaye, 1970, Akhwari alikimbia tena marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akashika nafasi ya 5. Kuwa wa mwisho siku moja hakukumfanya awe wa mwisho maisha yote.

Tahadhari lakini! Hatusemi ucheze ukiwa na jeraha. Goti lako la Kidato cha Tatu unalihitaji mpaka uzeeni. Tunachokisifu kwa Akhwari ni kwamba alirudi.

Na kama unataka mfano wa karibuni, Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48, na Simbu alimpita pale pale kwenye utepe. Alikuwa amepata shaba mwaka 2017. Dhahabu aliingoja miaka 8.

MAZOEZI MATANO YA KICHWA

Haya huhitaji pesa wala viatu vya dukani. Ila yana sharti moja: uyafanye mazoezini, wiki nyingi kabla ya mechi. Ukiyakumbuka siku ya fainali tu, hayatakusaidia.

1. Pumzi ndefu. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka 4. Itoe taratibu ukihesabu mpaka 6. Rudia kwa dakika mbili au tatu. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hushuka. Moyo huwezi kuuamrisha, lakini pumzi unaweza, na moyo huifuata.

2. Badilisha jina la hofu. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ya watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wana hamu na jambo lile walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kwa nini? Kwa sababu hofu na hamu, mwilini ni karibu kitu kimoja: moyo ule ule unaodunda. Basi badala ya kusema "Naogopa," sema "Nimepania. Mwili uko tayari."

3. Utaratibu usiobadilika. Mfungaji mzuri hurusha kila mpira kwa hatua zile zile. Kwa mfano: miguu sawa, pumzi moja, macho juu ya pete, kunja magoti, rusha. Chagua hatua zako, uzirudie kila siku mpaka mwili uzijue wenyewe. Siku ya mechi kichwa kitakuwa na kazi ya kufanya, hakitakuwa na nafasi ya kusikiliza jukwaa. Na usiharakishe! Watafiti waliochunguza penalti za mashindano makubwa ya soka waliona kwamba wapigaji wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi.

4. Neno moja fupi. Maneno kama "Usikose! Usikose!" humfanya mtu afikirie kukosa. Jipe neno linalokuambia la kufanya: "Juu," "Taratibu," "Magoti." Neno lolote, hata la Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, mradi linakukumbusha kazi.

5. Cheza mechi kichwani. Jioni, kabla ya kulala, funga macho dakika tano. Jione uwanjani. Sikia kelele, hisi baridi, hisi mpira mikononi. Jione ukifuata hatua zako. Kisha jione umekosa, ukavuta pumzi, ukaendelea. Sehemu hii ya mwisho wengi huisahau, na ndiyo muhimu kuliko zote.

Na msisahau kuwa timu nzima inaweza kufanya mazoezi haya pamoja. Majirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma, Zambia, walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika Februari 12, 2012, mjini Libreville, Gabon, kwa kuishinda Ivory Coast penalti 8 kwa 7. Wachezaji waliokuwa wakisubiri katikati ya uwanja walishikana, wakawa wanaimba. Linganisha na timu ambayo mtu akikosa anaachwa arudi peke yake, kichwa chini, huku wenzake wametazama pembeni.

UONGO NA UKWELI

Uongo: Kikombe cha ulanzi au msokoto wa bangi unaondoa woga.
Ukweli: Unachoondoa ni akili ya kuamua. Pombe, iwe ulanzi, kimpumu au ya chupa, hukufanya ujione shujaa huku macho, miguu na mizani ya mwili vikichelewa. Bangi nayo hupunguza umakini na kuchelewesha maamuzi. Na kesho yake woga unarudi, sasa una deni.

Uongo: Kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo utakuwa moto.
Ukweli: Vingi vina kafeini nyingi. Kama moyo tayari unakwenda mbio, unauongezea mbio. Uji wa asubuhi, ndizi na maji vinatosha.

Uongo: Mchezaji akitukanwa ndipo anaamka.
Ukweli: Anaweza kukimbia zaidi siku hiyo kwa hofu. Lakini anayecheza kwa kuogopa matusi huacha kujaribu lolote jipya, na mwisho huacha mchezo. Kocha mzuri husema kosa lilikuwa nini na lirekebishwe vipi.

Uongo: Mwanaume halii.
Ukweli: Kulia baada ya kufungwa si ugonjwa, kwa wasichana wala kwa wavulana.

Uongo: Mazoezi ya kichwa yanatosha.
Ukweli: Hayatosha! Asiyefanya mazoezi ya mwili atavuta pumzi vizuri sana huku akifungwa mabao matano.

MTAALAMU WA SAIKOLOJIA YA MICHEZO ANAFANYA KAZI GANI?

Wengine wanadhani huyu ni mtu wa "vichaa". Sivyo kabisa. Kazi yake inafanana na ya kocha, ila yeye anafundisha umakini, kujiamini, kupanga malengo na kurudi uwanjani baada ya jeraha au kushindwa. Mojawapo ya maabara za mwanzo za elimu hii ilifunguliwa na Coleman Griffith katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1925. Siku hizi timu nyingi za Olimpiki husafiri na wataalamu wa aina hii.

Mtaalamu wa kweli ana masharti yake. Kwanza husikiliza kabla ya kushauri. Pili huja mazoezini kukuangalia. Tatu, na hili ulishike, siri zako hazipeleki kwa kocha wala kwa wenzako bila ruhusa yako, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Nne, akiona tatizo limezidi uwezo wake hukupeleka kwa daktari. Na hakuahidi ushindi. Anayekuahidi ushindi kwa hirizi au kwa maneno matamu, muage!

Shuleni kwako huenda mtaalamu huyu hayupo. Lakini mwalimu wa michezo, mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au patroni wanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Na kama unaipenda, unaweza kuisomea njia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, kinaandaa walimu na makocha. Nani ajuaye? Labda mtaalamu atakayekaa kwenye benchi la Taifa Stars au Twiga Stars sasa hivi yuko Mafinga au Tukuyu, anasoma ukurasa huu.

KAMA NI ZAIDI YA WOGA WA MECHI

Woga wa kawaida huja kabla ya mechi na kuondoka baada yake. Tafuta msaada mapema ukiona dalili hizi kwa wiki mbili au zaidi: hulali, huli, huna hamu na lolote, unajitenga na marafiki, unajiona huna thamani, au unawaza kujidhuru. Hiyo si aibu. Ni afya, kama malaria ilivyo afya. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Simone Biles wa Marekani, bingwa mkubwa wa sarakasi, alijitoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akili na mwili havikuwa vikielewana, na kuruka hivyo kungeweza kumvunja shingo. Mwaka 2024 huko Paris alirudi, akapata dhahabu tatu.

Na jambo jingine. Kama kocha, mwalimu au mtu yeyote anakupiga, anakushika visivyo, au anakutaka kimapenzi ili akupe namba kwenye timu, kosa si lako. Usinyamaze. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga simu namba 116, huduma ya simu kwa watoto Tanzania. Haitozwi hela.

TURUDI KWENYE LILE BASI

Unamkumbuka mfungaji wetu? Tuseme mambo yalikwenda hivi. Kwenye basi, nahodha anahama kiti, anakaa karibu naye. Hamwambii "Usijali," maana anajali. Anamwambia, "Mwezi huu umetufungia magoli mangapi? Kesho tunarusha wote 50 baada ya vipindi, tukiwa tumechoka, na wenzetu watupigie kelele."

Jumatatu wako uwanjani. Mipira mingine inaingia, mingine inagonga chuma. Kila mara: miguu sawa, pumzi moja, macho juu ya pete.

Zoezi lako wiki hii: chagua hatua zako tatu, ziandike nyuma ya daftari, uzifanye kila siku. Na kama kuna mwenzako aliyeacha kuja mazoezini tangu alipokosa goli, leo jioni mpitie bwenini au nyumbani kwao. Usimhutubie. Beba mpira tu.